Mume ahamia Nairobi, wateja wako Dar

Shikamoo Shangazi. Mimi ni wakili, nina leseni ya Tanzania Bara na wateja wangu wote wako Dar es Salaam. Mume wangu amehamishiwa Nairobi, nami nataka kumfuata huku nikiendelea na kazi kwa kompyuta. Yeye anasema hakuna tatizo, kwani kompyuta haijui mpaka. Wakili mwenzangu ananitisha kwamba nitafutiwa leseni. Nimsikilize nani?
Mwenye Begi Tayari, Kinondoni

Marahaba mwanangu. Mfuate mumeo, ila hoja yake iache Kinondoni. Jambo la kupima ni sheria unayoitolea ushauri na mtu unayemshauri. Marekani, ambako kila jimbo lina mawakili wake, walishaligusa hili. Mwaka 1998, Mahakama ya Juu ya California iliwanyima mawakili wa Birbrower, ofisi ya New York, ada ya kazi waliyoifanya California bila leseni ya huko, ikaongeza kwamba mtu anaweza kufanya uwakili jimboni kwa simu au kompyuta hata asipokanyaga. Kumbe kompyuta inaujua mpaka! Mwenzako naye amezidisha hofu. Desemba 2020, Chama cha Wanasheria cha Marekani, katika maoni namba 495, kilisema wakili anaweza kukaa jimbo jingine akafanya kazi ya jimbo lililompa leseni, mradi wenyeji hawajalikataza, wala yeye hajitangazi kwao.

Utasema Nairobi si California, na ni kweli. Maoni yale hayamfungi hakimu wa Kenya. Lakini Sheria ya Mawakili ya Kenya nayo inamkataza asiye na sifa kufanya kazi ya wakili. Wala usiegemee Jumuiya ya Afrika Mashariki. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi wakatia saini makubaliano ya kutambuana. Mawakili, watu wa kubishana, wakabaki nyuma. Leseni yako inakufikisha Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, lakini haikufikishi hata Zanzibar, yenye orodha yake ya mawakili. Kwa hiyo kishawishi cha kuvunja sheria ya Kenya hakitatoka kwa wateja wako wa Dar. Kitatoka kwa jirani wa Kilimani, Nairobi, atakayekuomba umtazamie mkataba wa nyumba, "mara moja tu". Mpeleke kwa wakili wa Kenya. Kibali cha kazi na kodi ni habari nyingine: ukikaa siku 183 ndani ya mwaka, Kenya inakuhesabu mkazi wa kikodi. Kabla ya kufunga mizigo, viandikie vyama vya mawakili vya pande zote mbili, upate majibu kwa maandishi.