Si Kila Umaskini ni Ukosefu wa Imani

Andiko la wiki: Nehemia 5:1-13

Kabla hatujafungua Neno, nina jambo la kuungama mbele yenu.

Mwaka wa 2002 nilikuwa mhubiri kijana. Mama mmoja mjane, muuza mboga, alikuja kuniona baada ya ibada. Mtoto wake alikuwa amefukuzwa shule kwa sababu ya karo, na haikuwa mara ya kwanza. Nilimwombea. Kisha nikamwambia achunguze maisha yake, pengine kuna dhambi iliyofichika, na apande mbegu ili Mungu amfungulie mlango. Alitoa shilingi hamsini akaenda zake.

Januari 2003 nilimkuta kwenye lango la shule. Serikali ilikuwa imeondoa karo katika shule za msingi za umma. Mtoto wake, sasa wa miaka 13, alikuwa anaingia darasa la nne kukaa na wadogo. Nikamwambia, "Mama, si umeona Mungu amejibu?" Akaniangalia kwanza. Akasema, "Amina, pasta. Lakini imani yangu ni ile ile ya mwaka jana. Kilichobadilika ni karo."

Neno hilo lilinichoma. Mwaka huo zaidi ya watoto milioni moja waliongezeka katika shule za msingi humu nchini. Je, wazazi wote hao walitubu kwa usiku mmoja? Au waliacha uvivu siku moja? Hapana. Lango lilikuwa limefungwa, likafunguliwa, watu wakaingia.

Tukumbuke lango hilo lilivyowekwa. Nchi ilikuwa na madeni. Kuanzia 1980 ikakopa Benki ya Dunia kwa masharti ya kurekebisha uchumi: serikali ipunguze matumizi, bei ziachiwe soko, na mwananchi agawane gharama na serikali. Karo na michango ya shule ikapanda. Maelfu ya wafanyakazi wa serikali wakapunguzwa. Desemba 1989 ada ikaanza kutozwa katika hospitali za umma. Katika kliniki moja ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi, wanaume waliokuja kutibiwa wakashuka hadi asilimia 40 ya idadi ya awali, na wanawake hadi asilimia 65. Ugonjwa haukuwa umepungua. Walibaki nao nyumbani, wakawaambukiza wengine.

Kwenye karatasi hesabu hizo zilionekana sawa. Lakini ada ile ile kwa tajiri ni chenji, na kwa mama wa mboga ni unga wa wiki nzima.

Sasa turudi kwa Nehemia. Watu walilia. Wengine walikuwa na watoto wengi na hawana nafaka. Wengine waliweka rehani mashamba na nyumba zao ili wale. Wengine walikopa ili walipe kodi ya mfalme, na mwishowe watoto wao wakawa watumwa. Na waliowakopesha hawakuwa wageni. Walikuwa ndugu zao.

Angalia alichofanya Nehemia. Huyu ni mtu wa maombi, tumemwona akifunga na kulia katika sura ya kwanza. Lakini hapa hakuwaambia wale maskini wachunguze imani yao. Alisikia kilio, akakasirika, akatafakari, kisha akawaita wakubwa mbele ya mkutano. Tena akakiri kwamba yeye na ndugu zake pia walikuwa wamekopesha. Akataka mashamba yarudishwe, nyumba zirudishwe, na riba pia. Wakakubali, wakaapa mbele ya makuhani.

Sisemi hakuna wavivu. Paulo aliwakemea katika Wathesalonike, nasi tutawakemea. Wala sisemi tuache kutoa. Ninasema tusimtwike maskini hatia ya maamuzi ambayo hakuulizwa.

Na tusinyooshe kidole kwa serikali na Benki ya Dunia pekee. Hapa hapa kanisani wapo ndugu wanaokopesha ndugu kwa riba inayozidi ya benki. Wapo walioshika hati ya shamba la mwenzao kwa sababu ya bili ya hospitali. Jumapili tunashikana mikono na kuitana "mpendwa", Jumatatu tunadaiana kama hatujuani. Mpendwa, kama hati ya ndugu yako iko kwenye kabati lako, hebu soma Nehemia 5:11 ukiwa peke yako, kisha uamue.

Mimi nilianza na langu. Nilimtafuta yule mama nikamwomba msamaha. Alicheka, akasema alishanisamehe pale langoni. Lakini nilihitaji kulisema.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Ni nani katika mtaa wetu aliyefungiwa nje kwa sababu ya pesa, nasi tukadhani ni uzembe?
2. Nehemia aliwaita wakubwa hadharani. Sisi tutawauliza nini viongozi wetu wanapokuja kutuomba kura?
3. Kuna deni gani unaloweza kusamehe, au riba unayoweza kuacha, kabla ya Jumapili ijayo?

Tuombe: Baba, tupe masikio ya kusikia kilio kabla hatujakihukumu. Utupe na ujasiri wa kurudisha. Katika jina la Yesu, amina.