Damu Isiyoonekana: Onyo kwa Wakazi wa Kware na Kitengela

Mtu akianguka kutoka ukingo wa machimbo, au boda ikigongana na lori la mawe barabara ya Namanga, watu hutafuta damu kwanza. Wasipoiona, majeruhi huambiwa ana bahati, hununuliwa soda, akameza dawa ya maumivu na kupelekwa nyumbani. Tumeonya barazani, tumeonya redioni, na bado wanaletwa hospitali usiku wa manane tumbo limejaa damu. Kisha lawama ni kwa daktari.

Wengu, ini na nyonga huweza kumwaga damu ndani pasipo mkwaruzo nje. Mtu mzima ana takriban lita 5 tu. Paja moja lililovunjika laweza kuficha lita nzima. Mtazame: midomo imepauka, jasho ni la baridi, moyo unakimbia, anaomba maji, anaongea ovyo. Tumbo limekakamaa, au bega la kushoto linauma ilhali halikugongwa. Huyo hajalewa.

Usimpe maji, chai wala soda. Usimpe aspirini. Usimkalishe kwenye boda. Tunarudia, asikalishwe kwenye boda! Mlaze chali, mfunike shuka, kwani mwili ukipoa damu haigandi vizuri. Ukishuku nyonga imevunjika, usiibonyeze kupima. Kunja leso pana, izungushe pale mapaja yanapoungana na nyonga, wala si kiunoni, kisha ukaze.

Piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, au 999, au 112. Ambulensi ikikawia, tafuta gari ambamo atalala.

Zahanati haina mpasuaji, lakini yaweza kumnunulia muda. Utafiti wa CRASH-2 wa mwaka 2010, uliohusisha majeruhi zaidi ya 20,000, ulionyesha kuwa dawa ya traneksamiki hupunguza vifo. Hutolewa gramu 1 mshipani kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu ajali. Saa 3 zikipita, yaweza kudhuru. Kwa hiyo andika saa ya ajali kwa kalamu kwenye mkono wa majeruhi, maana kila shahidi atataja saa yake. Dawa hii haizibi wengu uliopasuka. Safari ya kwenda kwa mpasuaji iendelee.

Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya Kenya kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Mambo ya bima ya afya ya SHA yataulizwa dawatini baadaye. Asiye na kitambulisho apelekwe vilevile.

Aliyeruhusiwa kwenda nyumbani akipata kizunguzungu au tumbo likimuuma, hata siku kadhaa baadaye, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo.