Lima kinachonyauka

Mdogo wangu wa Kitandililo, ujumbe wako nimeusoma, na naujibu hapa kwa sababu wenzako wengi wana swali hilohilo. Unasema una uwanja nyuma ya nyumba, unataka bustani ya kuuza, na tayari umeanza kuulizia bei ya mbegu za kabichi. Kabichi iache kwanza.

Angalia mahali ulipo. Makambako ni njia panda: barabara ya Dar es Salaam kwenda Mbeya inapita hapo, ya Njombe na Songea inachepukia hapo, na reli ya TAZARA ina stesheni. Kitandililo iko ndani ya Halmashauri ya Mji wa Makambako, lakini mashamba yamekuzunguka kila upande. Kabichi na viazi vinalimwa kwa maekari na kushushwa kwa malori. Wewe mwenye matuta manne utashindana nao kwa bei gani? Kabichi inavumilia safari na inavumilia kukaa, kwa hiyo mwenye nyingi ndiye anayepanga bei.

Wewe lima kinachonyauka. Chainizi, mchicha, mnafu, majani ya maboga, giligilani, vitunguu majani. Ukikata alfajiri, mama lishe anapokea saa moja asubuhi majani bado yana umande, na hakuna lori la kukushinda hapo. Basi zungukia mama lishe kabla hujashika jembe. Waulize wanapika mafungu mangapi kwa siku, na miezi ipi mboga huwasumbua kupata.

Watakwambia kiangazi, na hapo ndipo tunafika kwenye maji. Mvua zenu huanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei, na katika miezi hiyo kila nyumba ina mboga mlangoni. Pesa iko baadaye, kuanzia baridi ya Juni na Julai hadi ukavu wa Oktoba. Sasa piga hesabu nami. Mita moja ya mraba ya mboga za majani wakati wa kiangazi inataka kama lita 4 hadi 5 kwa siku. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 10 linakunywa lita 40 hadi 50, yaani ndoo kubwa mbili mpaka mbili na nusu, kila siku, hata Jumapili, hata siku ya msiba. Matuta manne ni ndoo nane mpaka kumi. Nani atazibeba? Kama jibu ni watoto wakitoka shule, mdogo wangu, nakuomba punguza matuta.

Bati lako litakusaidia kiasi. Mvua ya milimita 10 kwenye paa la mita za mraba 30 inakupa karibu lita 300 ukiwa na mifereji na simtanki. Hayo yatakuvusha wiki za mwisho wa mvua, Agosti hayafiki. Kwa hiyo kiangazi usiinue tuta, lishushe liwe kama jaluba, ulitandaze nyasi kavu, na umwagilie asubuhi. Upepo wa Makambako unaujua kuliko mimi: unakausha udongo ulioumwagilia muda si mrefu. Weka uzio wa mianzi au matete upande unakotokea, nao utazuia kuku pia.

Najua utaniuliza kuhusu kinyungu cha mama, ile bustani yake ya kiangazi kule bondeni. Vinyungu vimelisha Wabena na Wahehe kiangazi kwa vizazi, na ninaviheshimu. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, na humo shughuli za kudumu au zenye kuathiri mazingira haziruhusiwi. Pima, halafu muulize mtendaji wa kata. Inauma, naelewa, ila kijito kikikauka hata ndoo zako hazitajaa.

Tukija kwenye mbolea, samadi mbichi inaunguza miche. Iliyoiva haina joto ukiishika, na inanukia udongo wa msituni. Mbegu nunua zenye lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu. Vidukari vikivamia chainizi, anza kwa maji yenye sabuni kidogo, unyunyizie chini ya jani ndiko vinakojificha. Ukilazimika kutumia sumu, soma kwenye chupa siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na uzitimize hata kama mteja amesimama na hela mkononi. Wanaokula mboga hizo ni majirani zako na watoto wao.

Kuhusu pesa, usiguse mkopo wa kausha damu kwa ajili ya bustani. Mchicha unachukua mwezi mmoja kabla ya kukulipa; mkopeshaji wa kausha damu anataka chake wiki hii. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Inatolewa kwa vikundi, na mwenye daftari la mauzo la msimu mzima ana la kuonyesha. Kwa hiyo msimu wa kwanza tumia chako, tuta moja au mawili, uandike kila fungu linalotoka, hata lile la kumpa shangazi.

Jumamosi hii chukua daftari uzungukie mama lishe. Kisha niandikie wamekutajia nini, na kutoka bombani mpaka uwanjani kwako ni hatua ngapi. Idadi ya matuta tutaipanga baada ya hapo.