Tujue Taratibu za Zabuni ya Tuta la Mto

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Katika somo hili tutajifunza jinsi kazi ya kutengeneza tuta la kuzuia mafuriko inavyotolewa kwa mkandarasi.

Tuta ni ukuta wa udongo kando ya mto. Huzuia maji yasiingie mashambani na majumbani. Kule Kilosa, mkoani Morogoro, tuta la Mto Mkondoa lilibomoka katika mvua za mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010. Maelfu ya watu walikosa makazi, na reli ya kati ikakatika. Nemba ni mbali na Kilosa, lakini maji ni yale yale. Mabondeni, Ngara na Biharamulo, nasi tunalima.

Ubaya wa tuta bovu ni kwamba kwa nje huonekana zuri. Udongo usiposhindiliwa tabaka kwa tabaka, maji hupenya kidogo kidogo, kisha tuta hukatika. Ndiyo maana kazi hii haitolewi kwa kujuana. Ipo Sheria ya Ununuzi wa Umma, Namba 10 ya mwaka 2023. Hatua zake kwa ufupi ni hizi:

1. Halmashauri huandika kazi na vipimo vyake: urefu, kimo, upana na aina ya udongo.

2. Zabuni hutangazwa. Zamani wazabuni walileta bahasha zilizofungwa kwa lakiri. Siku hizi huomba kwa kompyuta, katika mfumo wa serikali uitwao NeST.

3. Muda ukiisha, maombi mengine hayapokelewi. Yaliyopo hufunguliwa.

4. Kamati ya tathmini huyalinganisha. Bei ndogo peke yake haitoshi; rahisi ni ghali. Mkandarasi asiye na mtambo wa kushindilia, atashindilia kwa nini? Kwa maneno?

5. Mshindi hutia sahihi mkataba. Kazi hukaguliwa ndipo hulipwa.

Mzabuni asiyeridhika hupeleka malalamiko kwanza kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri. Asiporidhika tena, huenda Mamlaka ya Rufani ya Zabuni za Umma.

Tena sheria imetenga asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi kinachotaka kazi kama kupanda majani juu ya tuta kimwone afisa maendeleo ya jamii, kisajiliwe mapema.

Je, sisi wanakijiji tufanye nini? Sisi hatuchagui mkandarasi. Lakini tuta likikatika, shamba litakalozama ni letu. Basi tuulize katika mkutano mkuu wa kijiji: nani amepewa kazi? Kwa bei gani? Tuta liwe na kimo gani? Litakwisha lini? Majibu tuyaandike daftarini. Kisha twende na kamba, tupime wakati udongo ungali unamwagwa. Majani yakishaota, kasoro haionekani tena. Kuuliza si ugomvi. Tulijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu ili tuvitumie.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Kwa nini bei ndogo peke yake haitoshi?
2. Tuta lipimwe lini, na kwa nini?
3. Kikundi chenu kinaweza kuomba kazi gani?