SOMO LETU: REZISTA ILIYOUNGUA, TUTAJUAJE KIPIMO CHAKE?



Kikundi kimoja upande wa Litein kilichanga pesa za bonasi ya majani chai, kikanunua amplifaya ya kukodisha harusini na mikutanoni. Siku moja spika ya upande mmoja ikanyamaza. Fundi akakuta rezista imeungua hadi rangi zimepotea. Akaweka tu ile aliyokuwa nayo mfukoni. Jioni hiyo hiyo amplifaya ikatoa moshi, na pesa za watu zikaenda hivyo. Tuliketi na wanakikundi hao tukajifunza pamoja. Leo tunawaletea ninyi pia.

Rezista ni nini?

Ni kifaa kidogo kinachozuia stima isipite kwa wingi, kama bomba jembamba linavyopunguza maji. Hupimwa kwa omu. Kipimo huonyeshwa kwa mistari ya rangi:

Nyeusi 0, kahawia 1, nyekundu 2, chungwa 3, njano 4, kijani 5, buluu 6, zambarau 7, kijivu 8, nyeupe 9.

Kwenye mistari minne, miwili ya kwanza ni tarakimu, wa tatu ni idadi ya sufuri. Njano, zambarau, nyekundu ni 4, 7 na sufuri mbili, yaani omu 4,700. Wa mwisho ukiwa wa dhahabu, kipimo chaweza kupungua au kuzidi kwa asilimia 5. Wa fedha, asilimia 10.

Rangi zikipotea tufanyeje?

1. Chomoeni waya wa stima kwanza. Kapasita kubwa hubaki na chaji hata mashine ikizimwa, kwa hivyo fundi ahakikishe kwa mita kwamba imeisha.

2. Tafuteni pacha wake. Amplifaya ya stereo ina pande mbili zinazofanana. Someni rangi za rezista ya mahali pale pale kwa upande mzima.

3. Pacha akikosekana, fundi aitoe, akwangue ganda polepole hadi aone palipokatika. Apime kutoka kila ncha hadi hapo, kisha ajumlishe. Hayo ni makadirio tu. Achague kipimo cha kawaida kilicho karibu: 10, 12, 15, 18, 22, 27, 33, 39, 47, 56, 68 au 82, pamoja na sufuri zake.

4. Mpya isiwe nyembamba kuliko ya zamani, maana itashindwa na joto.

5. Rezista haiungui bure. Mara nyingi kuna transista iliyokufa karibu. Msipoitoa, hata rezista ya kipimo sawa itaungua tena.

Ya kujadiliana kikundini

- Fundi wetu ana mita, na anajua kuitumia?
- Tunamwuliza ameweka nini, au tunalipa tu?
- Nani atatunza daftari la matengenezo?

Kumwuliza fundi si kumdharau. Mali ni yenu, jasho ni lenu.