Je, nitavuliwa nguo nikilazwa wodi ya akili?

SWALI: Daktari, hospitali hapa Mombasa imependekeza nilazwe kwa ajili ya sonona, nami nimekubali mwenyewe. Lakini jirani ananiambia huko mtu husachiwa mbele ya mabawabu, akavuliwa nguo zote na kunyang'anywa hata leso. Mimi huvaa buibui, na shingoni nina hirizi niliyopewa na marehemu nyanya. Nimeingiwa na hofu, nataka kuahirisha. — Mama wa watoto wawili

JIBU: Mama, usiahirishe. Utasachiwa, naam, na ni heri ulijue hilo mapema kuliko kushtukia ukiwa mlangoni. Karibu kila anayelazwa wodi ya akili hupekuliwa, awe mwalimu, polisi au mwanafunzi, kwa hiyo usidhani umeshukiwa jambo. Utalala chumba kimoja na watu ambao baadhi yao wamefika wakiwa wamekata tamaa ya kuishi. Kitu kisicho na hatari mkononi mwako chaweza kumdhuru aliye kitanda cha pili.

Inavyotakiwa, muuguzi hukupeleka kando, akakuomba utoe vya mfukoni, akafungua mkoba wako ukiona, kisha akakupapasa juu ya nguo. Wembe, mikasi, chupa, kioo, kiberiti, mshipi na waya wa chaja huwekwa mbali. Huenda ukaambiwa uvae nguo za wodi, na hapo muuguzi huangalia pia kama una jeraha linalohitaji tiba. Kumvua mtu nguo zote hakufai kufanywa kwa mazoea tu. Kunahitaji sababu nzito, nawe uelezwe sababu hiyo kwanza.

Aliyosimulia jirani yamewahi kuwapata watu, wala sitayatetea. Ibara ya 28 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda utu wa kila mtu, na Ibara ya 31 inataja waziwazi haki ya kutopekuliwa mwili na mali ovyo. Haki hizo unaingia nazo wodini. Basi sema mapema: "Sista, naomba nipekuliwe na mwanamke, faraghani, na bawabu asiwepo." Buibui lako ulivue mbele yake peke yake. Hirizi nayo itaje kabla haijaonekana, ueleze ni ya nani. Mara nyingi wasiwasi wao ni ile kamba, kwa hiyo uliza kama waweza kubaki nayo bila kamba. Wakikataa, mpe jamaa yako akutunzie.

Ningependa uhangaikie dawa zaidi kuliko leso. Beba zote ndani ya pakiti zake: za presha, za sukari, za kupanga uzazi, hata za mitishamba, umkabidhi muuguzi. Usifiche tembe za maumivu kwenye pindo la nguo. Mgonjwa akianzishiwa dawa ya lithium huku akimeza diclofenac au ibuprofen kwa siri, lithium yaweza kupanda mwilini hadi ikawa sumu. Vivyo hivyo kwa pombe: aliyezoea kunywa kila siku akikatizwa ghafla anaweza kupata degedege, na daktari asiyejua hawezi kuizuia. Muuguzi akiuliza kuhusu miraa, pombe au bangi, anauliza ili akutibu. Akiuliza kama una mawazo ya kujidhuru, mjibu kweli hata kama unaona haya, kwa sababu hakuna upekuzi wa mkoba unaoweza kumwonyesha hilo.

Simu huenda ikachukuliwa, basi andika namba za jamaa kwenye karatasi. Dhahabu iache nyumbani. Vitu vyako viorodheshwe, usome orodha kabla ya kutia sahihi, na nakala abaki nayo aliyekusindikiza. Usishangae ukipekuliwa tena baada ya wageni kuja, au wageni wenyewe wakiombwa kufungua vyombo vya chakula. Ukidhalilishwa, mwambie msimamizi wa wodi siku hiyohiyo, au aliyekusindikiza apeleke malalamiko kwa maandishi kwa wakuu wa hospitali.

Na mawazo ya kujiua yakikujia kabla ya siku ya kulazwa, usingoje siku hiyo. Mwambie mtu wa nyumbani akae nawe, mwende pamoja idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, hata ikiwa usiku wa manane.