Mgongo Unaopinda Upande: Ni Mtoto Yupi Anayehitaji Picha ya MRI?

Mwezi huu tujifunze juu ya mgongo wa kijana unaopinda upande na kujisokota, hali ambayo madaktari huiita skoliosisi. Si kibyongo, maana kibyongo hutokeza nyuma.

Binti wa darasa la sita haogeshwi tena na mama yake. Kwa hiyo mgongo wake hauonwi na mtu, mpaka siku sketi ya shule inapoanza kuning'inia upande mmoja. Mama, mwambie asimame peku, miguu pamoja, kisha ainame mbele na kuiachia mikono ining'inie. Simama nyuma yake utazame. Mbavu za upande mmoja zikiinuka kuliko za upande wa pili, mpeleke akapimwe. Njia hii ilielezwa na daktari William Adams wa London mwaka 1865, na hadi leo haidai hata senti.

Huku kwetu Musoma na Butiama wengi husema ni ndoo ya maji iliyompinda mtoto, au mkoba wa shule. Sivyo. Kwa vijana wapatao 8 katika kila 10 wenye mgongo huu, chanzo hakijulikani. Hao hupigwa eksirei wakiwa wamesimama, pembe ya mpindo hupimwa (ikifika digrii 10 ndipo huitwa skoliosisi), nao hufuatiliwa mpaka wamalize kurefuka. Wengi wao hawahitaji MRI, na mzazi asiuze ng'ombe kwa ajili ya picha ambayo daktari hajaiomba.

Lakini wako wachache ambao mgongo umepinda kwa sababu ya jambo lililojificha ndani. Katikati ya mifupa ya mgongo hupita ugwe wa fahamu utokao kwenye ubongo. Pengine ndani ya ugwe huo kuna uwazi uliojaa maji. Pengine sehemu ya chini ya ubongo imeteremka kuelekea shingoni, au ugwe umenaswa kwa chini na unavutwa kadiri mtoto anavyokua, au kuna uvimbe. Eksirei huonyesha mifupa. MRI, ambayo hutumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio, huuonyesha ugwe wenyewe. Mpasuaji akiunyosha mgongo wa namna hiyo bila kujua kilichomo, mtoto aliyeingia akitembea aweza kutoka amepooza miguu. Ndiyo sababu picha hutangulia.

Dalili za kututia shaka

Mpindo wa kawaida wa kifuani hutokeza upande wa kulia. Ukitokeza kushoto, tunaangalia zaidi. Vivyo hivyo mpindo ulioanza kabla ya miaka 10, au unaoongezeka upesi. Maumivu ya kumwamsha mtoto usiku si ya kupuuza, wala kichwa kinachouma anapokohoa, miguu kulegea, unyayo mmoja kuingia ndani kuliko mwenzake, au kijana mkubwa kuanza kujikojolea. Tazama pia kiunoni: kishungi cha nywele au kishimo katikati ya mgongo chaweza kuwa alama ya kasoro iliyo chini yake.

Dalili moja naitaja peke yake kwa sababu hueleweka vibaya. Mtoto anaungua vidole kwa sufuria ya moto wala halii, kwa kuwa hasikii moto. Majirani hunong'ona kuwa ni ukoma. Kama mgongo nao umepinda, huenda ni ule uwazi wa maji ndani ya ugwe.

Mhudumu aliyefunzwa hupima haya kwa pini, nyundo ya mpira, na kijiti butu anachokipitisha tumboni kuona kama misuli ya pande zote mbili za kitovu inashtuka sawasawa. Naona kipimo hiki cha tumbo huachwa mara nyingi mno.

Mgongo ukitokeza nyuma kwa ncha, pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda, fikirini kwanza kifua kikuu cha mifupa. Mgonjwa apelekwe mara moja. Dawa zake hutolewa bure.

Safari ya rufaa

Kutoka zahanati, mgonjwa hupitia hospitali ya wilaya au ya mkoa, kisha Bugando, Mwanza, ambayo ndiyo hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Wengine hufika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, penye MRI na wapasuaji wa uti wa mgongo. Chukueni eksirei zote za zamani, na barua inayotaja dalili kwa majina, si “mgongo umepinda” tu. Asiye na uwezo amwone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kukata tamaa.

Mashine ya MRI haiumizi wala haina mionzi ya eksirei, ila hugonga kwa kelele, na mtoto hulala bila kutikisika nusu saa au zaidi. Mdogo sana hupewa dawa ya usingizi, hivyo ulizeni mapema saa ya mwisho ya kula. Hereni, pini za nywele, mkanda, simu na rozari ya chuma vibaki nje. Na kama mtoto aliwahi kuungwa mfupa kwa chuma, au kipande cha chuma kilimwingia jichoni, mwambieni mtaalamu kabla hajaingia mlangoni.